Titan, Io au Ganymede: mwezi upi wa kuchunguzia jinsi plazima inavyotoroka?

Anayeanza kusoma habari za angahewa za miezi ya sayari hukutana mapema na swali lisilo na jibu moja. Ikiwa gesi huvuja kutoka katika miezi fulani ikiwa katika hali ya plazima, yaani ioni na elektroni zilizoachana, ni mwezi upi unaofaa kushikiliwa na mtu anayetaka kuuelewa uvujaji huo kwa undani? Mitatu hutajwa kuliko mingine: Titan, inayoizunguka Zohali, pamoja na Io na Ganymede, zinazoizunguka Mshtarii. Kila mmoja una takwimu za kutosha kumshughulisha mtu kwa miaka mingi, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu anayechagua mwezi kwa umaarufu wake, kabla hajaliweka sawa swali lake, hujikuta katikati ya kazi akiwa na vipimo visivyojibu kile alichokusudia kukiuliza.

Vigezo nitakavyovitumia ni vitano, na miezi yote mitatu itapimwa kwa hivyohivyo. Cha kwanza ni mahali ambapo gesi hugeuka plazima: je, hugeuka ikiwa bado ndani ya angahewa, au hugeuka ikiwa imeshatoka? Cha pili ni nguvu inayozitoa ioni. Cha tatu ni kiasi kinachopotea na uzito wa hasara hiyo kwa mwezi wenyewe. Cha nne ni vipimo vilivyokwisha kukusanywa, na vile vinavyotarajiwa. Cha tano ni zana za hesabu, kwa kuwa modeli inayofaa kwa mwezi mmoja huweza kupotosha kabisa kwa mwezi mwingine. Kwa maoni yangu kigezo cha kwanza ndicho chenye uzito kuliko vyote, ingawa ndicho kinachorukwa mara nyingi, na msomaji ataona kwamba vingine vinne vinakitegemea.

Gesi inageukia wapi kuwa plazima

Titan ndiyo mwezi pekee katika mfumo wa jua wenye angahewa nzito. Kanieneo ya hewa usoni pake ni takriban mara moja na nusu ya ile ya Dunia, sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, na methani huifuata kwa asilimia chache. Miali ya jua yenye nishati kubwa, ikisaidiwa na elektroni zinazotoka kwenye magnetosfia ya Zohali, yaani eneo linalotawaliwa na uga wa sumaku wa sayari hiyo, hung'oa elektroni kutoka katika molekuli za tabaka za juu. Hivyo ndivyo ionosfia inavyojengeka, na sehemu yake iliyo nene zaidi huwa karibu na kimo cha kilomita 1,100. Kemia ya mahali hapo haitulii hata kidogo: ioni ya naitrojeni ikishazaliwa hukutana na methani, hupokezana nayo chaji na vipande vya molekuli, na mwisho wa mfululizo huo kinachobaki kwa wingi ni ioni kama HCNH+ na C2H5+. Kwa hiyo kinachotoka Titan kikiwa plazima, kwa sehemu kubwa, kilikuwa plazima tangu kikiwa ndani ya angahewa, na muundo wake hubeba alama ya kemia iliyokizaa.

Kwa Io mambo yamegeuka. Hewa yake ya dioksidi ya salfa ni nyembamba sana, na hutokana na volkeno pamoja na jalidi inayovukizwa na jua. Volkeno hizo zilijulikana Machi 1979, mhandisi Linda Morabito alipoona wingu lisilotarajiwa kwenye ukingo wa Io katika picha ya chombo cha Voyager 1. Ni kweli kwamba Io ina ionosfia yake, nayo iligunduliwa na Pioneer 10 Desemba 1973, lakini ionosfia hiyo siyo mlango mkuu wa kutokea. Sehemu kubwa ya kinachopotea huondoka kikiwa atomi na molekuli zisizo na chaji. Ioni zinazosafiri pamoja na sumaku ya Mshtarii huzigonga chembe za hewa ya Io na kuzirusha nje, chembe hizo huelea katika mawingu kando ya njia ya mwezi, na baada ya saa kadhaa au zaidi hugongwa na elektroni, au hupokonywa elektroni na ioni nyingine, ndipo zinapogeuka plazima. Plazima inayopatikana hujikusanya kuwa pete nene inayoizunguka Mshtarii yote kwa umbali wa karibu nusu vipenyo sita vya sayari hiyo.

Tofauti hii haihusu istilahi tu. Mtu anayesema kwamba Io hupoteza plazima nyingi kuliko Titan amezilinganisha njia mbili tofauti: kwa Titan anahesabu ioni zinazovuka mpaka wa juu wa angahewa, ilhali kwa Io anahesabu ioni zilizozaliwa nje ya mpaka huo, pengine mbali nao sana. Namba zote mbili huweza kuwa sahihi, na ulinganisho bado ukawa na kasoro.

Ganymede iko kati ya hizo mbili. Hewa yake ni nyembamba zaidi hata kuliko ile ya Io. Ni oksijeni inayotokana na barafu ya usoni inapopigwa na chembe za magnetosfia ya Mshtarii, pamoja na mvuke wa maji upande unaoelekea jua. Ioni huzaliwa karibu na uso, kama zinavyozaliwa ndani ya angahewa ya Titan, ila zinapozaliwa hukuta tayari kuna uga wa sumaku wa mwezi wenyewe unaozishika, jambo ambalo Titan na Io hazina.

Nguvu inayozitoa ioni

Hapa Titan ndiyo inayofundisha zaidi, na inastahili kutazamwa kwa tarakimu. Chukua ioni moja yenye uzito wa 28 kwa kipimo cha atomi, iliyoko kilomita 1,500 juu ya uso. Ili iishinde graviti ya Titan inahitaji mwendo wa takriban kilomita 2.1 kwa sekunde, mwendo ambao kwa uzito huo ni sawa na nishati ya elektronivolti 0.64 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Halijoto ya kimo hicho ni karibu kelvini 150, nayo huipa chembe wastani wa nishati wa elektronivolti 0.02 hivi. Upungufu ni zaidi ya mara 30. Joto peke yake, basi, haliwezi kuitoa ioni hiyo, na lazima kuwe na kitu kingine kinachoivuta.

Kitu hicho ni viwili. Cha kwanza ni elektroni zilizong'olewa na mwanga wa jua. Kwa kuwa ni nyepesi na zina kasi, hupanda kwa urahisi kando ya mistari ya sumaku na kuziacha ioni nyuma, na mwachano huo wa chaji huzaa uga mdogo wa umeme unaozivuta ioni zifuate. Ni kanuni ileile inayoendesha upepo wa plazima unaotoka juu ya ncha za Dunia. Ushahidi wa Titan ni mzuri kiasi kwamba kila mwanafunzi wa somo hili angefaidika kuuona kwenye grafu. Mstari mmoja wenye nguvu wa miali ya heliamu ya jua hubeba elektronivolti 40.8 kwa kila fotoni, yaani chembe ya mwanga. Fotoni hiyo ikiipiga molekuli ya naitrojeni, elektronivolti 16.7 hutumika kuing'oa elektroni na kuiacha ioni katika hali fulani ya msisimko, na elektroni huondoka na 24.1 zilizosalia. Chombo cha Cassini kiliona kilele chembamba cha elektroni zenye nishati ya 24.1 ndani ya mkia wa Titan, yaani mkondo wa plazima unaonyooka nyuma yake, mbali na mwezi wenyewe. Elektroni za namna hiyo hazikuzaliwa mkiani. Zilizaliwa katika ionosfia iliyoangaziwa na jua, na kuonekana kwake huko nyuma kunaonyesha kwamba mistari ya sumaku iliunganisha mahali hapo pawili, ikawa njia ambayo ioni nazo zingeifuata.

Kitu cha pili ni plazima ya Zohali. Titan husafiri kwenye njia yake kwa takriban kilomita 5.6 kwa sekunde, huku plazima inayokokotwa na mzunguko wa Zohali ikija kutoka nyuma kwa zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde. Kwa kuwa Titan haina uga wake wa sumaku, mistari ya Zohali hujirundika upande unaopigwa na plazima hiyo, hupinda kuizunguka, na kunyooka kuwa mkia mrefu upande wa pili. Mwendo huo pia huzaa uga wa umeme unaoelekea mbali na Zohali. Matokeo yake ni kwamba ioni zinazozaliwa upande wa Titan usioitazama sayari huchukuliwa na kupotea, lakini zile za upande unaoitazama husukumwa kurudi chini ndani ya hewa, zikaipasha moto badala ya kutoroka.

Kwa Io nguvu ni moja, tena ni kubwa mno. Plazima ya Mshtarii huzunguka pamoja na sayari kwa kilomita 74 kwa sekunde katika umbali wa Io, na mwezi wenyewe huenda kwa 17, hivyo tofauti ni 57. Atomi ya salfa ikishageuka ioni hunyakuliwa papo hapo na mkondo huo, na nishati inayoipata, kwa kuitazama kutoka ndani ya mkondo, ni kama elektronivolti 540. Graviti ya Io ingehitaji elektronivolti moja tu kushindwa. Anayetaka kuona ioni mpya ikinyakuliwa bila kubughudhiwa na masuala ya joto na shinikizo hawezi kupata mfano ulio wazi zaidi. Mwendo huohuo huzaa volti zinazokadiriwa kuwa 400,000 kati ya upande mmoja wa Io na mwingine, na mikondo ya umeme inayofika hadi kwenye angahewa ya Mshtarii. Athari ya Io juu ya mawimbi ya redio ya Mshtarii ilikuwa imeshatambuliwa mwaka 1964, kabla chombo chochote hakijafika huko.

Ganymede huamuliwa na ramani ya sumaku yake. Karibu na ikweta mistari ya uga hutoka kwenye mwezi na kurudi kwenye mwezi, na ioni hubaki zimefungwa ndani. Kwenye ncha mistari huunganika na ile ya Mshtarii, na hapo lango huwa wazi. Kwa hiyo swali la nguvu, kwa Ganymede, hugeuka kuwa swali la latitudo.

Kiasi kinachopotea

Kwa Titan makadirio ya ioni zinazotoroka huwa kati ya 10^24 na 10^25 kwa sekunde. Uchambuzi wa mipito michache ya Cassini kupitia mkia ulitoa kiasi cha tani 7 hivi kwa siku. Tarakimu hiyo huwashtua watu, nami ningependa wasiitumie peke yake. Angahewa ya Titan ina uzito wa takriban kilo trilioni milioni 9. Kama tani 7 zingepotea kila siku kwa miaka bilioni 4.5 bila kubadilika, jumla ingekuwa karibu asilimia 0.13 ya hewa iliyopo leo. Jua lilipokuwa changa lilikuwa na miali mikali zaidi, hivyo kasi ya leo haiwezi kurudishwa nyuma moja kwa moja hadi mwanzo, lakini angalau msomaji anaona kwamba mlango wa ioni, kwa kiwango cha sasa, hauimalizi Titan hewa yake.

Io huipa pete yake takriban tani moja kila sekunde, yaani zaidi ya tani 86,000 kwa siku. Ukifanya hesabu ileile ya miaka bilioni 4.5 utapata karibu asilimia 0.16. Asilimia hiyo, hata hivyo, ni ya uzito wa mwezi mzima, mawe yake yakiwemo, wala si ya angahewa. Angahewa ya Io isingedumu kwa kasi hiyo kama volkeno na jalidi hazingeijaza upya kila wakati.

Ganymede haina tarakimu moja inayokubaliwa na wote, na makadirio hutegemea sana hewa ambayo mtunga modeli ameidhania mwanzoni. Anayehitaji namba thabiti ya kujengea hoja nyingine asianzie hapa.

Vipimo vilivyopo na vinavyokuja

Kwa wingi wa takwimu Titan haina mshindani. Voyager 1 ilipita tarehe 12 Novemba 1980 na kuonyesha kwamba mkia upo. Cassini, iliyofika Zohali mwaka 2004, ilifanya mipito 127 iliyokusudiwa ya karibu na Titan kabla ya kumaliza kazi Septemba 2017. Takwimu zake zimo katika hifadhi ya NASA ya takwimu za sayari, zinapatikana bila malipo, na kwa sehemu kubwa zimeshasafishwa na kuelezwa. Utofauti wa mazingira ni hazina nyingine: katika mpito wa Juni 2007 Titan ilikutwa nje ya magnetosfia ya Zohali, ikiwa bado imebeba mistari ya sumaku ya mazingira iliyotoka kuyaacha, na Desemba 2013 ilikutwa imo ndani ya upepo wa jua wenyewe, yaani mtiririko wa plazima inayotoka kwenye jua. Hata hivyo kuna pengo ambalo anayepanga kazi lazima alijue mapema. Kifaa kikuu cha kupima ioni na elektroni za Cassini, CAPS, kilizimwa moja kwa moja mwaka 2012, kwa hiyo mpito huo wa 2013 hauna vipimo vyake. Nacho chombo kijacho cha Titan, Dragonfly, kinachopangwa kurushwa mwaka 2028, kitatua na kuruka karibu na uso kuchunguza kemia ya ardhi. Hakitapita mkiani.

Io ilitembelewa na Galileo kuanzia Desemba 1995, lakini antena kuu ya chombo hicho haikufunguka, hivyo takwimu zilizorudi ni chache kuliko zilivyopangwa. Juno ilipita mara mbili kwa umbali wa kilomita 1,500 hivi, tarehe 30 Desemba 2023 na 3 Februari 2024. Nguvu ya pekee ya Io ni kwamba inaweza kuangaliwa kutoka mbali. Darubini ya Kijapani Hisaki, iliyorushwa Septemba 2013, iliifuatilia pete ya plazima kwa miaka kadhaa mfululizo katika miali ya urujuanimno, na wingu la sodiamu linaloizunguka Io limekuwa likipimwa kutoka Duniani tangu miaka ya 1970. Io pia huingia kwenye kivuli cha Mshtarii kwa karibu saa mbili katika kila mzunguko wake wa saa 42 na nusu. Halijoto ya uso hushuka kutoka nyuzi -148 hadi -168 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya dioksidi ya salfa huganda na kuanguka. Ni jaribio linalojirudia lenyewe, ambalo mtafiti anapaswa tu kulisubiri.

Ganymede ina mipito michache, na mmoja wake ningeuweka mbele ya kila mtu anayeanza. Septemba 1996 Galileo ilipita juu ya ncha ya Ganymede kwa kimo cha kilomita 264 na kuona ioni zikitiririka kwenda nje. Wachambuzi wa kwanza walisema ni haidrojeni. Miaka michache baadaye, mwaka 2000, uchambuzi mwingine wa vipimo vilevile ulisema ni oksijeni. Hakuna aliyeharibu hesabu. Kifaa kilipima nishati kwa kila chaji, na oksijeni, iliyo nzito mara 16 kuliko haidrojeni, huwa na nishati ileile ikienda kwa mwendo wa robo tu. Chagua uzito, na mwendo unabadilika. Badilisha mwendo, na jumla ya kinachopotea hubadilika pia, na kwa kipimo cha kilo hubadilika sana. Juno, iliyopita tarehe 7 Juni 2021 kwa kimo cha zaidi kidogo ya kilomita 1,000, ilikuwa na kifaa kinachotenganisha uzito, nayo ilikuta ioni za haidrojeni za aina kadhaa pamoja na za oksijeni. Somo la hapo linahusu miezi yote: kabla hujaamini kasi yoyote ya utorokaji, uliza kifaa kilipima nini hasa. Kwa upande wa mbele, Ganymede ndiyo yenye ahadi kubwa zaidi. Chombo cha Ulaya JUICE, kilichorushwa tarehe 14 Aprili 2023, kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031 na kuanza kuizunguka Ganymede yenyewe mwishoni mwa 2034, jambo ambalo halijawahi kufanywa kwa mwezi wa sayari nyingine.

Zana za hesabu

Swali moja huamua zana: je, duara ambalo ioni hulizungukia ndani ya uga wa sumaku ni dogo au kubwa likilinganishwa na mwezi? Nusu kipenyo cha duara hilo hupatikana kwa kuzidisha uzito wa ioni na mwendo wake, kisha kugawanya kwa chaji na nguvu ya uga.

Katika mazingira ya Io uga ni karibu nanotesla 1,800 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Ioni ya salfa yenye mwendo wa kilomita 57 kwa sekunde huzunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 10 hivi, na Io ina nusu kipenyo cha kilomita 1,821. Duara ni nukta tu. Modeli zinazoichukulia plazima kuwa mmiminiko wenye sumaku hufanya kazi nzuri hapa, na ugumu huhamia kwenye kemia ya salfa na kwenye hewa isiyolingana kati ya mchana na usiku.

Kwa Titan uga ni karibu nanotesla 5. Ioni ya uzito wa 16 ikinyakuliwa hadi kilomita 120 kwa sekunde hupata duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 4,000, ilhali Titan nzima ina kilomita 2,575. Ioni moja huweza kuuzidi mwezi kwa hatua moja ya mzunguko wake, na tofauti kati ya upande unaoitazama Zohali na upande wa pili, niliyoieleza hapo juu, haitokei ipasavyo katika modeli ya mmiminiko wa kawaida. Modeli mseto, ambazo hufuata ioni moja moja na kuziacha elektroni ziwe mmiminiko, ndizo zinazofaa, lakini zinadai kompyuta yenye nguvu na uvumilivu mwingi. Karibu na ionosfia, ambako ioni bado ni za polepole na migongano ni mingi, mmiminiko hurudi kuwa sahihi. Mtafiti wa Titan hulazimika kuziunganisha zana mbili katika tatizo moja.

Ganymede huangukia katikati tena: katika uga wa Mshtarii wa nanotesla 120 hivi, ioni ya oksijeni yenye kilomita 140 kwa sekunde hupata nusu kipenyo cha karibu kilomita 200, dhidi ya kilomita 2,634 za mwezi. Mmiminiko huonyesha umbo la jumla vizuri, ila hukosea palepale ambapo mistari ya sumaku hukatika na kuungana upya, napo ndipo lango la kutokea linapofunguliwa.

Kwa hali yako

Ikiwa shauku yako ni kemia ya angahewa, na unataka kujua namna gesi iliyo ndani inavyogeuka hadi kutoroka, Titan itakulipa. Inamfaa pia mwanafunzi anayehitaji takwimu nyingi zilizokwisha kupangwa, ili kazi yake isitegemee tarehe ya kufika kwa chombo chochote. Anza na mpito wa T9 wa tarehe 26 Desemba 2005, uliopita mbali mkiani, kisha uulinganishe na mipito ya karibu, na uchague mipito ya kabla ya Juni 2012 ikiwa unahitaji ioni zenyewe.

Ikiwa unavutiwa zaidi na kile ambacho mwezi unaufanyia ujirani wake, yaani jinsi tani moja kwa sekunde inavyobadilisha magnetosfia nzima, shika Io. Inamfaa mtu wa darubini kuliko mtu wa takwimu za vyombo. Mwenye darubini ya wastani na kichujio chembamba cha mwanga wa sodiamu wa nanomita 589 anaweza kupima kitu halisi, ingawa sodiamu ni kiasi kidogo tu cha kinachotoka na hutumika kama alama ya vingine. Akumbuke tu kuandika waziwazi kwamba anapima kile kilichotoroka kikiwa gesi.

Ikiwa unalinganisha na Dunia, au unauliza kama uga wa sumaku huilinda angahewa ama huifungulia mlango, hakuna mwezi mwingine wa kukusaidia ila Ganymede. Inamfaa pia anayeanza masomo ya juu sasa, kwa kuwa takwimu za JUICE zitamkuta akiwa na ujuzi wa kuzitumia. Haimfai anayetakiwa kumaliza kazi ndani ya miaka miwili akitumia vipimo peke yake.

Walimu wenye kipindi kimoja tu cha kufundishia jambo hili wangeweza kutumia hesabu ya duara la ioni kwa Io na Titan, kwa sababu inahitaji kanuni moja na namba nne, na wanafunzi huona wenyewe kwa nini miezi miwili haiwezi kupewa modeli moja.

Na yule anayependa hesabu safi, asiyeogopa uhaba wa vipimo, aifikirie pia Triton ya Neptuni. Ina hewa nyembamba ya naitrojeni na ionosfia nzito kuliko ilivyotarajiwa, inazunguka kinyume na mzunguko wa sayari yake, na mhimili wa sumaku wa Neptuni umeinama kwa nyuzi 47, kiasi kwamba mazingira ya Triton hubadilika kila saa. Ilitembelewa mara moja tu, na Voyager 2, tarehe 25 Agosti 1989. Kila modeli itakayotungwa italazimika kujibu kwa siku hiyo moja.